Kukaa na mgonjwa ambaye hatapona: mwongozo kwa ndugu anayeuguza, na msaada kutoka kwa Buddha

Ukiingia wodini saa ya kuona wagonjwa, hapa kwetu Kigoma, sentensi ni ileile kitanda hadi kitanda: "Utapona tu." Anaisema mjomba aliyeshuka kwenye boti kutoka Kalya suruali ikiwa bado mbichi magotini. Anaisema jirani aliyeleta uji. Anaisema hata yule ambaye nusu saa iliyopita ameambiwa na daktari pale koridoni kwamba dawa za kuponya zimefika mwisho. Mgonjwa anaitikia, "Inshallah," au "Kwa jina la Yesu," kisha anageukia ukutani. Si usingizi uliomgeuza.

Nami nimeisema sana. Baba mkubwa wangu alikuwa mvuvi wa dagaa Kibirizi, akaugua saratani ya ini, na sisi tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Siku ya tano ya kulazwa akaniuliza, "Ile mashine ya boti mmeshaiuza?" Nikacheka kidogo, nikamwambia, "Baba mkubwa, mashine yako utaiwasha mwenyewe ukipona." Akanyamaza. Hakuniuliza tena kitu mpaka anakata kauli. Tulipomaliza arobaini ndipo tukajua: vijana wawili wa kwenye boti yake walikuwa wanamdai mgao wa mwezi mzima, na alitaka mashine iuzwe walipwe. Mtu alikuwa anatoa wasia, mimi nikamziba mdomo kwa neno la faraja.

Mwongozo huu ni wa ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, si wa daktari. Mengi nimeyachota kwenye mafundisho ya Buddha kuhusu kutodumu kwa vitu, na najua mtu wa Ujiji akisoma hapo atainua nyusi, kwa hiyo niseme mapema: mimi ni Mwislamu na nitazikwa Mwislamu. Miaka minne nilikuwa Dar es Salaam, nikiuza duka la vifaa vya ofisi Upanga, na kila siku nilipita karibu na lango la hekalu la Kibudha lililojengwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka enzi za ukoloni. Udadisi ukanishinda, nikaanza kusoma. Neno lao ni anicca, tamka "anicha", la Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale: kila kilichounganika kitatengana, mwili wako na hasira yako ya asubuhi, vyote. Kwetu hilo si jipya. Wazee husema dunia mapito, Qurani inasema kila nafsi itaonja mauti, na Mhubiri katika Biblia ana ubatili wake. Ila sisi huyasema msibani, mtu akishaondoka. Wao wameyafanya mazoezi ya kila siku, na wameandika namna ya kuyatumia kando ya kitanda, mgonjwa akiwa bado anasikia.

Hatua ya 1: Anza na wewe, nje ya mlango wa wodi

Fundisho la kutodumu ni dawa ya anayeuguza kabla ya kuwa dawa ya anayeugua. Ukilichukua na kwenda kumhubiria mgonjwa, umeshalikosea.

Buddha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, halafu palepale akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu ya mwili, huo haukwepeki. Wa pili tunajichoma wenyewe: kwa nini mimi, nani kanifanyia, laiti ningejua. Anayeuguza naye ana mshale wake wa pili, na akiingia nao wodini humchoma nao mgonjwa. Ile "utaiwasha mwenyewe" niliyomwambia baba mkubwa haikuwa ya kumtuliza yeye. Nilikuwa naukimbia woga wangu.

Basi fika robo saa mapema. Kaa kwenye benchi, au chini ya mwembe kama upo, hotpoti iweke chini. Pumua kama kawaida, hesabu pumzi mpaka kumi. Ukipotea rudi moja bila kujilaumu. Kisha jisemee taratibu mambo 5 ambayo Wabudha wote, watawa na watu wa kawaida, wameagizwa kuyakumbuka mara kwa mara. Nitazeeka, sina pa kuukwepea uzee. Nitaugua. Nitakufa. Nitatengana na wote na vyote ninavyovipenda. Na kilicho changu kweli ni matendo yangu tu. Mimi siku ya kwanza nilifika la tatu nikainuka kwenda kununua maji. Hakuna shida, utarudi kesho.

Tahadhari moja, na hii wenyewe wameiandika. Kuna watawa huko Vesali, India ya kale, waliozama mno katika kutafakari ubovu wa mwili mpaka wakauchukia uhai, wengine wakajimaliza. Buddha alipopata habari aliwafundisha waliobaki kutafakari pumzi. Ukiona mazoezi haya yanakuongezea kiza, acha yote, baki na pumzi tu, na mtafute mtu wa kuzungumza naye.

Hatua ya 2: Ujue ukweli wa ugonjwa, kisha ujue mgonjwa anajua nini

Mtafute daktari asubuhi baada ya raundi, faili likiwa bado mkononi mwake. Uliza waziwazi: ugonjwa ni upi? Dawa hizi ni za kuponya au za kupunguza mateso? Tukimpeleka hospitali kubwa, Bugando au Ocean Road, kuna kitakachobadilika? Swali hilo la mwisho kwa mtu wa Kigoma ni zito, kwa sababu nyuma yake kuna ng'ombe wa kuuzwa na safari ndefu ya kwenda Mwanza au Dar. Wapo waliofia njiani ambao wangeweza kufa wameshikwa mkono na wajukuu. Wapo pia waliopelekwa wakarudi wazima. Ndiyo sababu unauliza, hukisii.

Kisha mgeukie mgonjwa. Usimpe habari, muulize. "Daktari alikwambiaje?" "Mwenyewe unaionaje hali yako?" "Unataka uelezwe kila kitu, au niwe nazungumza na daktari mimi?" Akisema hataki kujua, hiyo ni haki yake. Lakini liwe jibu lake, lisiwe uamuzi wa kikao cha wanaume nyumbani.

Na tusijidanganye kwamba Wabudha wamelimaliza jambo hili. Japani, nchi yenye mahekalu ya Kibudha kila pembe, kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumficha mgonjwa wa saratani na kuiambia familia peke yake. Mfalme wao Hirohito alifariki Januari 1989, na ni baada ya kifo chake ndipo wananchi walipotangaziwa kwamba alikuwa na saratani. Mtu anaweza kuimba sutra, yaani maandiko yao, za kutodumu asubuhi, na jioni akamwambia baba yake ni vidonda vya tumbo. Tunafanana.

Hatua ya 3: Mwili kwanza

Siku moja Buddha, akipita kwenye makazi ya watawa pamoja na Ananda, mtawa aliyekuwa mhudumu wake, alimkuta mtawa anaharisha, amelala katika uchafu wake. Akamuuliza mbona hana wa kumhudumia. Akajibu kwamba yeye hana faida yoyote kwa wenzake. Ananda akatumwa maji. Buddha akamimina, Ananda akaosha, kisha wakamwinua, mmoja kichwani mwingine miguuni, wakamlaza kitandani. Ndipo akawaita watawa wote akawaambia hapa hamna mama wala baba wa kuwauguza. Msipouguzana ninyi kwa ninyi, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa.

Baada ya hapo akataja sifa 5 za anayefaa kuuguza. Aweze kuandaa dawa. Ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, kinachofaa akilete, kisichofaa akiondoe. Auguze kwa huruma, asiwe anatazamia kitu (kwetu "kitu" mara nyingi ni shamba). Asione kinyaa kuondoa choo, mkojo, mate na matapishi. Na aweze, wakati kwa wakati, kumchangamsha mgonjwa kwa maneno ya dini. Tazama maneno ya dini yamekaa wapi: mwisho, baada ya matapishi.

Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo yoyote makubwa, mgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa 2, asitoke vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Shuka likunjuliwe mikunjo yote. Mkunjo mdogo kwa mtu aliyekonda ni kama kokoto. Mdomo ukikauka, tumia pamba au kitambaa safi kilicholowa maji, mpitishie midomoni na juu ya ulimi, usimmiminie maji mtu asiyemeza vizuri. Chakula mpe anachotaka, kiasi anachotaka. Akikataa ugali na migebuka uliyoibeba kutoka Gungu, usikasirike wala usimlazimishe. Mwili unaojiandaa kuondoka huacha kutaka chakula wenyewe. Hafi kwa sababu hakula, hali kwa sababu anakufa. Sentensi hiyo ningeijua mapema, shangazi yangu asingesukumiwa uji wa mtama kwa kijiko siku mbili nzima.

Kuhusu maumivu. Wagonjwa wetu wanajikaza, hasa wanaume, hasa mbele ya watoto wao. Katika mafundisho yaleyale Buddha alitaja pia mgonjwa aliye rahisi kuuguza, na sifa yake mojawapo ni kusema ukweli wa ugonjwa wake kwa anayemuuguza: umezidi, umepungua, uko vilevile. Msaidie aseme. Mwonyeshe mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole 5 ni yasiyovumilika. Hata aliyechoka kusema ataweza kuinua vidole. Akionyesha vinne, nenda kwa muuguzi ukamwambie "vinne", usiseme tu "analalamika".

Kwa maumivu makali ya saratani dawa yenyewe ni mofini. Ile ya maji ya kunywa hutolewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi, ili yasipate nafasi ya kurudi. Hufunga choo, basi omba na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimuui mtu wala haiharakishi kifo chake. Hospitali moja niliyowahi kulala kwenye korido zake, siitaji, tuliambiwa, "Hiyo ni ya wanaokufa, ninyi bado." Tulikaa siku nne na vidole vinne. Usikubali jibu hilo. Omba kuonana na daktari mwingine, ukishindwa mwone mganga mfawidhi.

Wapo Wabudha wanaosita kutumia dawa kali kwa sababu wanataka akili iwe macho saa ya mwisho. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi mmoja wa Mwanga aliyeomba asichomwe sindano ya usingizi mpaka wajukuu wake wa Kasulu wafike. Mwulize mgonjwa wako: unataka uwe macho lini, upumzike lini? Daktari mzuri anaweza kupanga saa za dawa kufuatana na jibu hilo. Lakini asiteseke kwa ajili ya fundisho la mtu mwingine.

Hatua ya 4: Fungua mazungumzo, ukianza na kitu kidogo

Shangazi alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, tukachelewa kujua. Jioni moja tulikuwa tumekaa tu, tunaitazama dripu: tone, tone, tone. Chupa ilikuwa imebaki robo.

"Hii nayo inaisha," akasema.

Zamani ningejibu kwamba wataleta nyingine. Safari hii nikasema, "Inaisha, shangazi."

Kimya. Ndala zikapita koridoni, zikapotea. Halafu akasema, "Na mimi naisha, mwanangu."

"Naona, shangazi. Nipo hapa."

Basi. Sikusema kitu kingine kwa dakika kama tano, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Somo lote la kutodumu, kwa upande wangu, lilikuwa kutoleta chupa nyingine ya maneno. Mgonjwa mwenyewe hukupa mlango: dripu inayokwisha, mvua iliyokatika, mwezi unaoonekana dirishani umeliwa upande. Wewe usiufunge.

Mlango ukishafunguka, kuna maswali ya kufuata. Mahanama, ndugu wa ukoo wa Buddha, alimuuliza mtu mwenye imani afarijiweje akiwa mgonjwa sana. Jibu lilikuwa: kwanza mkumbushe imani yake na mema yake, ajue yapo. Kisha muulize, je, una wasiwasi juu ya mama na baba? Je, una wasiwasi juu ya mkeo na watoto? Moja baada ya jingine. Katika andiko lile, mgonjwa akisema ndiyo, anaambiwa kwamba awe na wasiwasi au asiwe nao, atakufa tu, basi auache. Kwetu ukimjibu mtu hivyo utatolewa wodini na mawifi zake, na pengine watakuwa na haki. Maswali yachukue, jibu lichukue kwa mtu mwingine: Nakulamata.

Huyu alikuwa mke wa mzee Nakulapita. Mume yu mahututi, mke akakaa kando yake akamwambia asife akiwa na wasiwasi. Akautaja wasiwasi mmoja mmoja na kuujibu. Unafikiri sitaweza kulisha watoto? Najua kusokota pamba na kuchambua sufu. Unafikiri nitaolewa na mwingine? Unajua tulivyoishi. Unafikiri nitaacha dini? Nitazidi. Mzee yule, andiko linasema, alipata nafuu kwa maneno hayo, akaenda kwa Buddha akitembelea fimbo. Sikuahidi fimbo. Ninachokiona ni kwamba mwanamke yule hakumwambia mumewe aachie. Alimwonyesha mikono iliyokuwa tayari kupokea.

Nikamuuliza shangazi: "Kuna kitu kinakukaa moyoni?"

Vilikuwa vitatu. Alikuwa anadaiwa shilingi 40,000 kwenye kikoba cha akina mama, na aliona aibu. Mjukuu wake wa darasa la tano hakuwa na sare. Na hakutaka kuzikwa kwa wakwe, alitaka Ujiji karibu na mama yake. Deni nikalilipa palepale kwa simu, kwa mwekahazina wa kikoba, na ujumbe ulipoingia nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Mara ya tatu akataka nisome mpaka makato. Sare, binamu yangu alikwenda kuinunua sokoni, akamleta mtoto wodini ameivaa, imemzidi mikono. Kaburi ndilo lililokuwa gumu. Ilibidi kaka yake mkubwa aje aketi, na mume wake aje aketi, na walikubaliana mbele yake, kwa sauti ambayo na kitanda cha jirani walisikia. Usiku ule alilala.

Fanya hivyo: karatasi na kalamu, mambo yote, makubwa na madogo. Nani anamdai, anamdai nani, namba ya siri ya simu aiache kwa nani, hati ya kiwanja iko wapi, nani asikose kuitwa. Kilichokamilika kipigie mstari mbele yake.

Na usilinganishe. Usimwambie "wengi wamekufa" wala "hata mtoto wa fulani". Mtaisikia hadithi ya Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto akawa anambeba maiti akitafuta dawa, Buddha akamtuma alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Watu huitumia kama hoja. Lakini Buddha hakuanza kwa kumhubiria kuhusu wafu wa watu wengine. Alimwacha agonge milango mwenyewe, asikie nyumba moja baada ya nyingine. Wodini milango hiyo iko wazi. Wagonjwa huongea kitanda kwa kitanda usiku taa zikizimwa, na huambiana mambo ambayo sisi hatutayasikia. Waache.

Hatua ya 5: Zima lawama mgonjwa akiwa hai

Hii wengi huiruka, na ndiyo inayovunja koo baada ya mazishi. Kwetu mtu akifa, kuna swali linalozunguka kabla matanga hayajaisha: nani? Mke mdogo, jirani mwenye ugomvi wa mpaka, bibi aliyempa chakula cha mwisho.

Buddha alifariki akiwa na miaka 80, mjini Kusinara, baada ya kula chakula alichoandaliwa na mfua vyuma aitwaye Cunda na kushikwa na kuhara damu. Akiwa njiani, maumivu yakiwa juu yake, alimwagiza Ananda: pengine watu watamwambia Cunda kwamba ni chakula chako kilichomwua; mwambieni hana kosa, na kwamba mlo wa mwisho ni heshima. Hakungoja afe ndipo watu wamalizane.

Mwombe mgonjwa, kama ana nguvu, aseme mbele ya ndugu zaidi ya mmoja kwamba ugonjwa wake ni ugonjwa, na kwamba hana wa kumdai roho yake. Akiwa na mtu waliyekosana, mwiteni. Daktari naye aulizwe aeleze chanzo cha maradhi kwa lugha ya kawaida, wazee wakiwepo. Shangazi alisema maneno machache: "Msinitafutie mchawi." Yametosha mpaka leo.

Hatua ya 6: Wageni

Wawili wawili, wasikae sana. Mwenye kulia alie nje. Chagua mtu mmoja wa kupokea wageni getini, awaambie kabla hawajaingia: msimwulize mgonjwa "unajisikiaje" watu ishirini, na msiseme "utapona". Waseme nini? "Shikamoo. Nimekuja kukuona." Inatosha.

Hatua ya 7: Saa za mwisho

Mikono na miguu hupoa. Pumzi huja, husita, huja. Kooni pengine husikika mkoromo wa mate. Mgeuze kwa ubavu, mkoromo hupungua. Mara nyingi unawatisha waliosimama kuliko unavyomsumbua yeye. Usikio huaminika kuwa hukaa muda mrefu kuliko hisia nyingine, basi msigawane vitu vyake juu ya kichwa chake.

Hapa dini yake ndiyo iongoze. Mwislamu asomewe Yasin, alakiniwe shahada kwa upole, asikaripiwe nayo. Mkatoliki aitiwe padri mapema kwa mpako wa wagonjwa, siyo anapokata roho. Ukikutana na mgonjwa Mbudha, maana reli na miradi imeleta wageni wengi mikoa hii, uliza ubalozi wake au hekalu la Upanga. Wengi hupenda kimya au sauti ya kusoma maandiko, na wapo ambao mila yao inataka mwili usiguswe kwa saa kadhaa baada ya pumzi kukata. Waeleze wauguzi wa zamu mapema, ili wa chumba cha maiti wasije haraka.

Na wewe ukishindwa kujizuia? Ananda aliishi na Buddha miaka 25 akisikia kila siku kwamba vyote vitapita, na Buddha alipokuwa anakaribia kufa alitoka akaenda kuegemea mlango akalia. Buddha akauliza yuko wapi, akaagiza aitwe. Hakumkemea. Alimkumbusha alivyokuwa amemwambia kwamba tutatengana na kila tunachokipenda, kisha akamshukuru, mbele ya wote, kwa wema wa miaka mingi wa mkono, wa ulimi na wa moyo. Mimi nililia dirishani, upande wa ziwa, nikarudi.

Hatua ya 8: Ukishafunga macho yake

Usikimbilie simu. Kaa kidogo, hesabu zile pumzi kumi ulizohesabu kwenye benchi, sasa ni zako peke yako. Kisha mwite muuguzi.

Mofini iliyobaki rudisha hospitali; isipelekwe nyumbani ikakaa kabatini na watoto wapo. Kibali cha kuzika na karatasi za hospitali abebe mtu mmoja, asiwe mfiwa mkuu. Ile karatasi ya madeni na maagizo uliyoiandika isomwe mbele ya ukoo kabla watu hawajatawanyika.

Vitu vya wodini, angalia nani pale anavihitaji. Beseni la shangazi tulimwachia mama wa kitanda cha pembeni, lake lilikuwa limetoboka.